Macho ya Jaji Wadleigh

Jumatatu, 6 Januari 1896

Leo wakili Alden Frye alipanda hadi chumba changu cha kuchorea, akakung'uta theluji ya viatu vyake juu ya zulia langu, akaniambia kuwa chama cha mawakili wa Harlow kinataka picha ya Jaji Wadleigh. Jaji anastaafu mwezi wa Aprili. Picha itatundikwa mahakamani, nyuma ya kiti alichokikalia, ili watakaomfuata wajue wanakalia kiti cha nani.

Nilimtazama Frye nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alihamia mji huu mwaka juzi na hajui lolote.

"Jaji mwenyewe ndiye aliyekutaja, Bi Lunt," akasema. "Sisi tulitaka kuita mtu kutoka Boston."

Nilitaka kumsukuma ngazini. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema nitaichora.

Nayaandika haya ili mwenyewe nijue nilikubali kwa nini. Ulipokuwa mgomo wa viwanda vya viatu, mwaka themanini na nne, ghala la ngozi liliungua. Hakufa mtu. Mdogo wangu Lemuel alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiwahutubia wagomaji, kwa hiyo walimkamata yeye. Siku ya moto Lem alikuwa amelala kwa mama, ana homa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda kwa maji baridi. Nilisimama mahakamani nikayasema hayo kwa kiapo. Jaji Wadleigh akawageukia wale kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi, akawaambia wakumbuke kwamba dada ni dada. Akampa Lem miaka saba ya kuvunja mawe gerezani. Mama alikufa Lem akiwa ndani, na hawakumruhusu kuja kuzika.

Kazi yangu ni kuchora nyuso. Nilianza nikiwa msichana, nikichora watoto waliokufa, nikitumia picha ndogo za kamera ambazo mama zao walinishikisha huku wakilia. Nikaenda Philadelphia kusoma, nikarudi, nikachora meya watatu, wenye viwanda, wake za wenye viwanda. Robo karne nawaondolea watu videvu vya pili na kuwanyoosha pua. Huyu sitamwondolea kitu.

Jumatano, 8 Januari

Nimemwambia Lem. Anaishi chini, na karakana yake ya kushonea viatu iko mlangoni pale pale, kila anayepanda kwangu lazima ampite.

"Utamkalisha wapi?" akauliza bila kuacha kazi.

"Kwenye kile kiti cha bluu, karibu na dirisha."

"Basi atanipita."

"Ukisema nikatae, Lem, nitakataa leo hii."

"Sijasema kitu, dada. Kazi ni yako." Akakohoa kikohozi chake cha vumbi la mawe, akachukua nyundo. Aligonga misumari mpaka supu ikapoa mezani.

Jumanne, 14 Januari

Jaji amekuja na binti yake Theodosia, mjane mwenye sauti kama kengele ya chakula. Yeye ndiye aliyeingia kwanza, akachagua wapi joho litakunjwa na mkono upi uonekane.

"Baba ana sura ya upole," akaniambia. "Watu hawaioni. Nataka waione."

Jaji ni mrefu kuliko nilivyomkumbuka, na mkavu, ngozi ya shingo imelegea kama soksi ya zamani. Hakusema mengi. Aliketi, akanitazama moja kwa moja kwa yale macho ya kijivu hafifu, akabaki hivyo mpaka mwanga ukaisha. Watu wengi hawawezi kutazamwa. Dakika mbili tu wanaanza kujikuna.

Alimpita Lem akipanda na akishuka. Lem anasema aliona buti tu. Zinahitaji visigino vipya.

Ijumaa, 17 Januari

Theluji kuanzia alfajiri. Hakuna mtu, hakuna mwanga.

Jumanne, 21 Januari

Nimeanza kumchora kwa mkaa kwenye turubai. Nimempata taya kwa mistari mitatu, na ni taya ya mtu mkatili. Nilifurahi mno, hata nikala maharagwe ya juzi yakiwa baridi, nimesimama.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekasirika, tena na mimi mwenyewe. Leo alinichekesha. Nilimwomba ainue kidevu, akasema, "Bi Lunt, mke wangu alikuwa akiniambia nikishushe. Laiti mngekutana, mkakubaliana, nikapumzika." Nikacheka kabla sijakumbuka ni nani. Alipoondoka nilichukua tambara lenye tapentaini ya kufutia rangi, nikaufuta kwenye picha mdomo niliokuwa nimeupaka mchana kutwa. Ulikuwa mdomo wa babu ya mtu.

Jumanne, 4 Februari

Baridi kali, rangi nyeupe inatoka kwenye kibomba chake ngumu kama siagi. Macho yanakwenda vizuri. Theodosia ameyaona, akatoa leso. "Hayo ndiyo macho yake," akasema. "Yanaangalia watu."

Hasira yangu haimo kwenye turubai. Nimemtafutia ubaya wiki tatu nzima, na nilichopata ni mzee anayenitazama kwa makini.

Jumanne, 11 Februari

Leo alikuja peke yake. Theodosia ana mafua.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye paji la uso. Jiko lilikuwa limekolea, nje theluji imetulia, mwanga mzuri kuliko siku zote. Akasema, kwa sauti ile ile anayoombea glasi ya maji:

"Siku uliyotoa ushahidi ulivaa gauni la kijivu."

Niliendelea kupaka. Nilikuwa nimeamua tangu mwanzo kwamba sitakuwa wa kwanza kulitaja.

"Nilikuamini," akasema.

Brashi ilisimama. Nikamwuliza amesema nini.

"Nilikuamini, Bi Lunt. Yule shahidi aliyedai kumwona ndugu yako alikuwa mlevi aliyetaka kumpendeza mwenye kiwanda. Ningeweza kuliambia baraza hivyo. Badala yake niliwaambia wakutilie shaka wewe."

"Ulijua hakufanya."

"Nilijua kwamba huenda hakufanya. Na nilijua kwamba wiki hiyo mji mzima ulikuwa tayari kuwaka. Watu walihitaji kuona mtu amelipa, warudi makazini. Nilipima, nikaamua. Leo ningeamua vile vile."

Alisema hayo akiwa ameketi kama nilivyomweka, mkono juu ya kitabu, kidevu juu. Hakutikisika.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu unanichora. Unapaswa kujua unachora nini."

"Na ukanichagua kwa sababu hiyo."

"Nilikuchagua kwa sababu wale wa Boston watanirembesha. Wewe unanichukia, kwa hiyo hutanirembesha. Nataka picha moja ya kweli kabla sijafa. Nadhani hilo si ombi baya."

Nimewahi kutukanwa na watu niliowachora. Mke wa meya aliwahi kunirushia kikombe. Sijawahi kufanywa hivi. Mtu huyu alichukua miaka saba ya ndugu yangu. Alichukua neno langu nililoapa nalo, akalikunja, akaliweka mfukoni. Sasa amekuja kuichukua na chuki yangu pia, kwa sababu ameona inafaa kwa kazi fulani, kama mtu anavyoazima ngazi ya jirani.

"Kikao kimekwisha," nikasema.

"Kuna mwanga wa saa nzima bado."

"Kimekwisha, Jaji. Shuka."

Akavaa koti polepole. Nilimsikia akishuka, nikasikia nyundo ya Lem ikinyamaza wakati anapita, kisha ikaendelea. Niliketi sakafuni, mgongo kwenye kiti cha bluu, kikiwa bado na joto lake. Nikahama.

Jumatano, 12 Februari

Nilidhani nitamficha Lem. Nilishindwa hata kumaliza uji.

"Alijua, Lem," nikamwambia. "Amenieleza mwenyewe jana. Aliniamini, akakufunga hivyo hivyo."

Lem alikuwa na kiatu cha mtoto mkononi. Akakiweka juu ya meza taratibu, akaketi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua kwamba alijua. Nimejua tangu siku ile ile, dada Kezi. Asubuhi ile alihukumu watu wengi. Kila mmoja alimtazama usoni. Kulikuwa na mwizi wa farasi, alimkazia macho mpaka yule mtu mzima akalia. Ilipofika zamu yangu akainamia karatasi yake. Akasoma neno kwa neno, akaikunja, akaita kesi nyingine. Hakuniangalia hata mara moja. Mtu anayeamini kwamba umechoma ghala atakuangalia. Atataka akuone."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba hakuniangalia? Ungekwenda nalo wapi?"

Nilimkasirikia, kweli, kwa miaka yote aliyokaa na jambo hilo peke yake akipigilia visigino vya watu. Nimezoea kumdhania kuwa mtu aliyevunjika. Ninamkatia nyama, ninamwekea kiti karibu na moto, ninashusha sauti nikitaja gereza. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikilelewa.

"Umemchora akikuangalia," Lem akasema. "Nilipanda kuiona juzi, ulipokwenda sokoni. Ni kazi nzuri, dada. Lakini si yeye. Umempa macho ambayo mimi sikupewa."

Ijumaa, 14 Februari

Sikushika brashi.

Jumamosi, 15 Februari

Wala leo.

Jumanne, 18 Februari

Mvua ya barafu. Nilimpelekea Jaji ujumbe kwamba simhitaji tena kuketi, nitamalizia mwenyewe.

Jumatatu, 24 Februari

Nimeyakwangua macho kwa kisu. Macho bora niliyowahi kuyapaka, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Yalitoka kama utepe mwembamba wa kijivu, yakaanguka kwenye aproni.

Ijumaa, 6 Machi

Imekamilika. Ni Jaji yule yule, joho lile lile, taya ile ile. Kitabu nimekiondoa, nimeweka karatasi ya hukumu mikononi. Anaisoma. Kope zimeshuka. Mbele yake, chini kabisa ya turubai, kuna ukingo wa mbao wa kizimba na vidole vinne vya mtu aliyeushika. Mtu mwenyewe haonekani. Anayeitazama picha anajikuta amesimama pale aliposimama Lem, akingoja kutazamwa.

Lem alipanda, akaitazama. Akaniletea makaa ya jiko, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Jumanne, 10 Machi

Walikuja wote: Frye, wenzake wawili, Theodosia, na Jaji. Theluji inayeyuka, wote wana matope hadi vifundoni.

Nilitoa shuka. Theodosia ndiye wa kwanza kusema.

"Macho yake umeyaficha kwa nini?"

"Sikuyaficha. Anasoma."

"Anaonekana kama anaogopa," akasema, na sauti ya kengele ikawa imemtoka kabisa. "Baba, mbona unaonekana kama unaogopa?"

Frye akajikohoza. "Bi Lunt, ustadi tunauona. Ila hii ni picha ya heshima. Vile vidole, kwa mfano, ni vya nani?"

"Mwulize Jaji."

Wote wakamgeukia. Jaji alikuwa ameikaribia turubai, mikono nyuma, ameinama kidogo. Kwa hakika alisimama vile vile alivyosimama kwenye picha, na nadhani Theodosia aliliona hilo, maana alitazama pembeni.

"Sivijui," Jaji akasema.

Alitaka picha ya kweli. Alipoipata akasema havijui.

Frye akanipa hadi mwisho wa mwezi: niinue macho, nifute vidole. Nikamwambia asubiri akiwa ameketi, maana atasubiri sana.

Jumatatu, 16 Machi

Mke wa Thaxter mwenye benki ameghairi picha ya binti zake. Anasema wasichana wana surua. Nimewaona leo wakinunua riboni.

Alhamisi, 19 Machi

Na Mchungaji Coombs ameghairi. Yeye hakusumbuka hata kutafuta ugonjwa.

Jumanne, 31 Machi

Jaji amekuja bila mtu. Aliomba kuketi, nikamwacha asimame.

"Inua macho, Bi Lunt," akasema. "Vidole viache ukitaka. Nitawaambia wavikubali. Macho tu."

"Ulitaka nisikurembeshe."

"Nilitaka unichore nilivyo."

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Nina shahidi, na safari hii anaaminiwa."

Chini Lem alikuwa anakohoa.

"Yuko hapo chini," nikasema. "Umempita tangu Januari. Nenda ukamwambie yale uliyoniambia mimi, ukimwangalia usoni. Ukiweza, nitainua macho. Nitayapaka mazuri kuliko ya kwanza. Nakuapia, ingawa najua kiapo changu kwako hakina uzito."

Akachukua kofia yake, akashuka. Nikamfuata.

Lem alimwona akiingia, akatoa misumari mdomoni, akafuta kigoda kwa aproni. Jaji akaketi. Kwa mara ya kwanza niliwaona wawili hawa wakiwa karibu kiasi cha kugusana magoti.

"Bwana Lunt," Jaji akaanza, "mwaka wa themanini na nne nilikuwa na jukumu." Akasema vizuri. Alisema habari ya mji, ya mgomo, ya yule mlevi, ya kupima na kuamua. Yote aliiambia kofia yake. Aliigeuza ukingoni kwa vidole, pole pole, duara baada ya duara.

Lem alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayemwomba mteja ajaribu kiatu, "Nitazame, Jaji."

Jaji akainua kichwa. Macho yakafika kwenye aproni ya Lem. Yakafika kifuani. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na kazi yangu ni kutazama nyuso, kwa hiyo najua nilichokiona: alijaribu. Shingo ilikaza, jasho likamtoka juu ya mdomo. Yakafika kwenye ndevu. Halafu yakaanguka tena kwenye kofia, na mzee akawa anahema kana kwamba amepanda kilima.

Lem akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo ningengoja mimi. Kisha akarudisha misumari mdomoni.

Mlangoni Jaji akaniambia, bila kugeuka, "Iache kama ilivyo." Akaingia kwenye matope.

Nilitegemea nitamhurumia. Nimejitafuta jioni yote na huruma sijaiona. Alikuwa na nguvu za kumpeleka mtu miaka saba kwenye mawe, na hakuwa na nguvu za kumtazama kwa muda wa kuhesabu tatu.

Jumamosi, 11 Aprili

Boston wamemtuma mtu. Ameipaka picha yake kwa kutumia picha ya kamera, haraka haraka. Jaji wa pichani yuko juu ya kiti chake mahakamani, mashavu mekundu, anatuangalia sote kwa upole. Watu wamepiga makofi, gazeti limesema.

Sikupata hata kazi moja mwezi huu. Nimefunga jiko ili kubana makaa, ninachora na shali mabegani. Nimeitundika yangu ukutani, ikitazamana na mlango.

Jumatatu, 20 Aprili

Mtu wa kwanza alikuja Ijumaa: Mwairishi mzee aliyewahi kufungwa kwa kupigana. Alisema Lem kamwambia apande. Alisimama mbele ya picha akiwa na kofia mkononi, kisha akaivaa kichwani, akashuka. Jumamosi wakaja wawili. Leo wamekuja watano, na zulia langu sasa ni matope matupu.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo mchana Lem alipanda na mwanamke, akimshika kiwiko kwa sababu ya ngazi. Hajafika miaka hamsini, mikono myekundu ya mfua nguo. Jina lake Honora Tierney.

"Mwambie ulichoniambia," Lem akasema, akaketi kwenye kiti cha bluu kama mtu mwenye nyumba.

Mwanamke aliitazama picha kwanza. "Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyomfanyia Cornelius wangu." Akanigeukia. "Bibi, mume wangu alifia kule kule gerezani, kwenye machimbo ya mawe. Walimzika huko huko. Sina picha yake, hatukuwahi kupigwa hata moja. Wanangu wanaanza kumsahau. Huyu kaka anasema wewe zamani ulikuwa ukichora waliokufa."

"Nilikuwa na picha za kuangalia, Bi Tierney."

"Mimi nimemwangalia miaka kumi na tisa," akasema, kwa ukali kidogo, kana kwamba nilikuwa namtilia shaka.

Nikamsogezea kiti. Nikatafuta karatasi safi na kipande cha mkaa, nikiwa na hasira, kwa ajili yake, kwa ajili ya mama, na juu ya yule wa mashavu mekundu aliyetundikwa mahakamani.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Anza na paji la uso. Lilikuwa pana?"

"Pana," akasema Honora Tierney, akafumba macho. "Na hapa, upande huu, alikuwa na kovu la teke la ng'ombe."